Sauti iliyosingiziwa uongo

Mkesha wa Pasaka mmoja, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa mstari wa nyuma wa kwaya yetu na wenzangu watatu. Sauti ya tatu, yaani tenori, tulikuwa wanne tu, maana wanaume wa sauti ya juu ni adimu kila parokia. Wengi wakishaota ndevu hukimbilia besi, hata wale ambao besi yenyewe hawaifikii. Wimbo ukafika mahali ambapo sauti nyingine zinanyamaza na sisi tunapanda peke yetu. Nikapanda. Noti ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, ya tatu ikapasuka katikati na kutoa mlio ambao watoto wa benchi la mbele waligeuka wote kwa pamoja kuutafuta ulikotokea.

Baada ya misa mwalimu wa kwaya aliniita pembeni.

"Kijana wangu, noti ile usiisukume na kifua. Ipitishe kichwani."

"Yaani aimbe kike, mwalimu?" akadakia jamaa mmoja wa besi aliyekuwa anakunja joho lake.

Mwalimu akacheka, akafunika kinanda, akaenda zake. Swali la yule jamaa likabaki na mimi. Nilipoanza kulifuatilia nikakuta si la parokia yetu peke yake: limewasumbua mapapa, madaktari na watunzi wa muziki kwa karne nyingi, na mjini Paris, katika miaka ya 1830, lilimtesa mwimbaji mmoja mpaka kaburini.

Mwimbaji huyo ni Adolphe Nourrit. Alizaliwa Montpellier, kusini mwa Ufaransa, Machi 3, 1802, mtoto wa mwimbaji, na mwaka 1826 akarithi kiti cha baba yake kama tenori wa kwanza wa Opera ya Paris. Alikuwa amefundishwa na Manuel García, Mhispania aliyekuwa mmoja wa waimbaji wakubwa wa zama zile. Kwa miaka kumi na moja, karibu kila mtunzi aliyeandika opera nzito kwa ajili ya jukwaa lile alimwandikia Nourrit. Rossini alimpa nafasi ya Arnold katika "Guillaume Tell" mwaka 1829. Meyerbeer alimpa Robert mwaka 1831 na Raoul mwaka 1836. Halévy alimpa Éléazar, yule mzee wa Kiyahudi wa "La Juive", mwaka 1835, na maneno ya wimbo maarufu kuliko zote katika opera hiyo aliyaandika Nourrit mwenyewe. Alikuwa mtu wa vitabu, mwenye akili na adabu ya jukwaa. Ndiye pia aliyewazoesha Wafaransa nyimbo za Schubert.

Sehemu hizo zina noti za juu za kutisha. Arnold peke yake anapelekwa hadi do ya juu mara nyingi mno, ile do ambayo tenori wa leo akiipata vizuri ukumbi mzima unasimama. Lakini Nourrit hakuipiga kama inavyopigwa leo. Kadiri wimbo ulivyopanda, yeye alilegeza kifua na kuhamia sauti ya kichwa: nyembamba, laini, inayong'aa kama filimbi. Hakuna aliyeona ajabu, wala hakuna aliyemwambia anaimba kike, maana ndivyo tenori wote wa shule ile walivyoimba. Giovanni Battista Rubini, kipenzi cha mtunzi Bellini, alipanda juu zaidi ya do hiyo, hadi fa, katika "I puritani" ya mwaka 1835, na alifika huko kwa falseto, sauti nyembamba ya juu ya mwanamume, bila kumwomba mtu radhi. Kazi ya fundi ilikuwa kuvuka kutoka sauti moja kwenda nyingine bila msikilizaji kuuona mpaka.

Wakati huo huo kulikuwa na kijana mwingine, mzaliwa wa Paris, Gilbert Duprez. Mwaka 1825 aliimba kwenye ukumbi wa Odéon. Sauti ndogo, watu hawakushtuka. Akaenda Italia kutafuta riziki kama wengine wanavyokwenda mjini. Mwaka 1831, katika mji wa Lucca, "Guillaume Tell" ikawa inaonyeshwa Italia kwa mara ya kwanza na Duprez ndiye Arnold. Alipofika kwenye do ile hakuihamishia kichwani. Aliisukuma na kifua kizima, ikatoka nene na nzito kama noti za chini. Mwenyewe alikuja kuandika uzeeni kwamba ilimbidi akusanye nguvu zote za mwili na nia kwa ajili ya noti ile. Ninamwamini. Wafaransa waliipa jina ambalo limedumu hadi leo: do ya kifuani.

Habari zikafika Paris. Mwaka 1836 mkurugenzi wa Opera, Duponchel, akamwajiri Duprez awe tenori wa kwanza, sawa kwa sawa na Nourrit. Ukiwahi kufanya kazi ofisini ukaletewa mtu wa kukaa meza moja na wewe, mwenye cheo kilekile na kipaji ambacho huna, hutahitaji maelezo zaidi. Nourrit mwanzoni alikubali. Halafu usiku mmoja, Duprez akiwa miongoni mwa watazamaji, sauti ya Nourrit ikakauka jukwaani. Akaandika barua ya kujiuzulu. Aliwaaga mashabiki wake Aprili 1, 1837, na Aprili 17 Duprez akaingia kwenye jukwaa lilelile, katika nafasi ileile ya Arnold, na do yake ya kifuani.

Paris ilirukwa na akili. Kuanzia usiku ule masikio ya Ulaya yalibadilika, na ninadhani ni mara chache katika historia ya muziki ambapo unaweza kutaja tarehe namna hii.

Aliyenuna ni mwenye opera yake. Inasimuliwa kwamba Duprez alipompigia Rossini do ile sebuleni, mzee alitazama kwanza kama vyombo vyake vya kioo vya Venice bado vizima. Na inasimuliwa pia kwamba aliifananisha na mlio wa jogoo aliyehasiwa anapochinjwa. Mimi, kwa sababu zangu za ile Pasaka, nimemwonea huruma sana jogoo huyo.

Nourrit akafunga safari kwenda Italia, ajifunze kuimba kama yule aliyemng'oa. Mjini Naples alijiweka chini ya mtunzi Donizetti, akiwa tayari na jina kubwa, anaanza upya kama mwanafunzi. Donizetti akamtungia opera nzima, "Poliuto", juu ya shahidi Mkristo wa zamani za Warumi. Mwaka 1838 mfalme wa Naples akaipiga marufuku: mambo ya watakatifu si ya kuchezewa jukwaani. Hilo lilimvunja, lakini lililomvunja zaidi lilikuwa kooni. Kwa kuisaka sauti ya kifua aliipoteza ile ya kichwa. Ule wepesi, ule uwezo wa kunong'ona noti ya juu hadi safu ya mwisho ya ukumbi, ulimtoka, na kile alichokifuata hakukipata kwa kiasi cha kumridhisha. Alfajiri ya Machi 8, 1839, baada ya kuimba kwenye tamasha la hisani usiku uliotangulia, alijirusha kutoka ghorofani. Alikuwa ametimiza miaka 37 siku tano kabla.

Maiti yake ilirudishwa Ufaransa. Ilipopita Marseille ikafanyiwa ibada ya wafu, na aliyepiga kinanda kanisani siku hiyo alikuwa Chopin, aliyekuwa akipita mjini pale baada ya kuugua kule Majorca. Alichagua wimbo wa Schubert.

Sitaki kumfanya Duprez muuaji. Nourrit alikuwa na huzuni nzito ya akili ambayo leo ingepelekwa kwa daktari, na Duprez alifanya tu alichoweza kukifanya. Naye alilipa. Mwaka 1840 madaktari wawili, Diday na Pétrequin, walichapisha maelezo yao juu ya aina hii mpya ya uimbaji, namna zoloto la kooni linavyobaki chini na sauti kupewa giza ili kifua kiweze kupanda. Wakati huo huo koo la Duprez lenyewe lilikuwa limeanza kuchakaa. Mwaka 1842 alianza kufundisha, na kabla miaka ya 1840 haijaisha alikuwa amemalizana na jukwaa kubwa. Aliishi hadi 1896, mzee wa miaka 89, akiwa ameimba do yake ya maana kwa muda usiozidi sana muongo mmoja.

Deni hilo hata hivyo tumelirithi sote. Tangu Duprez, tenori asiye na do ya kifuani anahesabiwa nusu. Mwaka 1972 Luciano Pavarotti aliimba pale Metropolitan, New York, ule wimbo wa "La fille du régiment" wenye do tisa za juu, zote kwa sauti nzima, akapachikwa cheo cha mfalme wa do za juu kilichomfuata hadi kifo chake. Ni uimbaji mtamu, sikatai. Ila opera hiyo iliandikwa mwaka 1840, wakati ukumbi bado umejaa watu waliomkumbuka Nourrit, na kwa masikio yao do tisa za kifuani zilikuwa jambo geni.

Sasa tuingie kooni, maana yule jamaa wa besi alidhani kuna sauti mbili, moja ya mwanamume na nyingine aliyoazima kwa dada yake.

Aliyefungua mlango wa koo ni Manuel García mwingine, mtoto wa yule mwalimu wa Nourrit. Baba alikuwa mwimbaji. Mtoto alipoteza sauti mapema akageuka mwalimu, na udadisi wake haukumpa usingizi. Mwaka 1854, akiwa Paris, alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno chenye mpini mrefu, akakipasha moto kisiingie ukungu, akakiweka nyuma kabisa ya kinywa chake. Kwa kioo kingine cha mkononi aliuelekeza mwanga wa jua ndani. Akaziona nyuzi zake za sauti zikifunguka na kufunga. Mwaka uliofuata taarifa yake ilisomwa mbele ya Royal Society, London, na madaktari wa koo wa dunia nzima wanamhesabu kama mmoja wa waanzilishi wao. Aliishi miaka 101.

Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo ya misuli na ngozi laini iliyolala ndani ya zoloto, kile kidude kinachopanda na kushuka shingoni mwa mwanamume anapomeza mate. Kwa mwanamume mzima urefu wake hauzidi sentimita mbili na nusu. Anapozungumza kawaida zinagongana kama mara 100 hadi 130 kwa sekunde. Kwenye do ile ya Duprez zinatakiwa zigongane mara 523.

Kuna misuli ya namna mbili inayoshindana. Mmoja uko ndani ya nyuzi zenyewe. Ukikaza, nyuzi zinakuwa nene na fupi, zinagongana kwa unene wake wote na kufunga vizuri kila mzunguko. Hiyo ndiyo sauti ya kifua. Mwingine uko nje, unainamisha gegedu la zoloto na kuzivuta nyuzi zirefuke na kuwa nyembamba, kama fundi anayekaza uzi wa gitaa. Ukipanda juu, huyu wa pili lazima aongeze nguvu. Ikiwa yule wa kwanza amekataa kuachia, unakuwa na watu wawili wanaovutana kamba, na pumzi inasukumwa kwa nguvu zaidi na zaidi chini yao. Mmoja akichoka ghafla, kamba inaponyoka. Huo ndio mlio walioutafuta wale watoto wa benchi la mbele.

Falseto ni pale yule wa ndani anapoachia karibu kabisa. Nyuzi zimenyooka, nyembamba, zinazotetemeka ni kingo zake tu, na mara nyingi hazifungi hadi mwisho. Hewa kidogo inavuja, ndiyo maana sauti inakuwa kama filimbi, laini na isiyo na uzito. Sauti ya kichwa, kwa walimu wengi wa opera, iko katikati ya njia: nyuzi zimenyooka lakini zinafunga, yule wa ndani ameachia kiasi bila kutupa kamba, na sauti inabaki na mwili. Walimu wengine wanasema hakuna tofauti hiyo, falseto iliyofanyiwa mazoezi ndiyo sauti ya kichwa. Wamegombana juu ya hili tangu wakati wa García na wataendelea kugombana baada yetu. Majina yenyewe yanachangia ugomvi. Hakuna sauti inayotengenezwa kifuani wala kichwani; zote zinatoka mahali pamoja, kooni. Kifua na kichwa ni pale mwimbaji anapousikia mtetemo. Weka kiganja chini ya shingo uimbe noti ya chini, utaelewa. Panda juu, mtetemo ule utakukimbia, na utauhisi mashavuni na nyuma ya pua.

Ukitaka kuujua mpaka wako, usianze na wimbo. Fanya kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya bonde, ule wito mrefu wa "huuu", halafu uteremshe taratibu hadi chini kabisa. Mahali ambapo sauti inaruka kama gari lililobadilishwa gia vibaya, ndipo hapo. Kila mwanamume anao. Tenori mwenye mafunzo anao vilevile, isipokuwa amejifunza kubadili gia bila abiria kushtuka.

Kwa hiyo hakuna cha kuazima kwa dada. Ni koo lilelile, nyuzi zilezile, zinazofanya kazi kwa namna mbili. Kilichoiharibia falseto jina ni jina lenyewe: Waitaliano waliliunda kutokana na neno lao la uongo. Sauti ya kifua ikawa ya kweli, ya juu ikawa ya kughushi. Ukishamwita mtoto Shida, usishangae majirani wakimwogopa.

Na jina hilo liliingia kwenye mambo ya kuhuzunisha. Kanisa la Roma lilipokataza wanawake kuimba kwaya, noti za juu zilibaki kwa watoto na kwa wanaume wa falseto, ambao wengi wa waliosifika walitoka Hispania. Mwishoni mwa karne ya 16 wakaanza kupendelewa wengine: waimbaji waliohasiwa wakiwa wadogo, kabla zoloto halijakua. Hao hawakuwa na haja ya falseto; nyuzi zao zilibaki fupi kama za mtoto ndani ya kifua cha mtu mzima. Biashara hiyo iliwapa wachache utajiri wa wafalme na wengi iliwaachia kovu tu. Ilizimika taratibu. Wa mwisho aliyesikika, Alessandro Moreschi wa kwaya ya Sistina, alirekodiwa Vatikani mwaka 1902 na 1904, na akafa mwaka 1922. Rekodi zipo, zinakwaruza, na kuzisikiliza si raha.

Waingereza wao waliihifadhi falseto pembeni, kwenye kwaya za makanisa makuu, ambako wanaume wazima waliimba sauti ya pili kila jioni bila mtu kuwapigia kelele. Humo ndimo alimotoka Alfred Deller. Alizaliwa Margate mwaka 1912, akaimba soprano utotoni, na sauti ilipovunjika hakushuka kama wenzake. Aliendelea kuimba juu palepale kwa falseto. Mtunzi Michael Tippett alimsikia Canterbury wakati wa Vita Kuu ya Pili akamtoa hadharani kuimba nyimbo za Purcell. Mwaka 1960 Benjamin Britten alimwandikia nafasi ya Oberon, mfalme wa majini, katika opera aliyoitoa kwenye tamthilia ya Shakespeare. Kuna kisa kwamba mwanamke mmoja alimfuata baada ya onyesho kumuuliza kama yeye ni towashi. Deller alikuwa na ndevu zilizojaa na watoto watatu.

Swali hilo la kuudhi halina maana kabisa ukishuka huku kwetu Afrika. Labda hapa ndipo jamaa yangu wa besi alipotakiwa kuelekezwa tangu mwanzo.

Mkumbuke Hukwe Zawose. Mgogo wa Dodoma, mzaliwa wa 1938, aliyekuja Dar es Salaam enzi za Mwalimu Nyerere na baadaye akafundisha Bagamoyo hadi alipofariki Desemba 2003. Aliyewahi kumwona akiwa na ala yake ya ilimba mkononi hatasahau: sauti ikianzia chini kwa mngurumo wa koo kama wa mnyama, halafu kwa pumzi moja inaruka hadi juu kabisa, nyembamba, safi, na kurudi tena. Mpaka ule ambao Nourrit aliuficha maisha yake yote, Zawose aliufanya ngoma. Aliupita huku na huku makusudi, na Wagogo waliokuwa wakimsikiliza hawakumwona kapungukiwa na uanaume. Walimwona fundi.

Wazulu nao wana mpango wao. Katika uimbaji wa mbube, na baadaye isicathamiya, wanaume wengi wanajipanga besi, ukuta mzima wa besi, na juu yao anaelea mtu mmoja. Huyo wa juu ndiye kiongozi. Solomon Linda, mtu wa Natal, alikuwa wa namna hiyo. Mwaka 1939, studio ya Gallo mjini Johannesburg, aliimba na kundi lake la Original Evening Birds wimbo walioupa jina "Mbube", yaani simba, yeye akiwa juu kwa falseto. Nakala zilifikia kama 100,000 katika muongo uliofuata. Mwaka 1961 vijana wa Marekani walioitwa The Tokens waliutoa upya kwa maneno mengine, ukaizunguka dunia, na mwimbaji wao naye akapanda kwa falseto. Haki za wimbo Linda alikuwa ameziuza kwa shilingi 10. Alikufa maskini mwaka 1962, na familia yake ilifikia mapatano ya kulipwa mwaka 2006. Hicho ni kisa kingine, na kinastahili ukurasa wake wenyewe kwa hasira zake.

Halafu kuna Kongo. Wapenzi wa bolingo tumelelewa na sauti za juu za wanaume bila kuzipa jina: utamu wa Tabu Ley, na ile ya Papa Wemba, nyembamba na kali kama sindano, inayoomba hata pale maneno yanapofurahi. Wemba mwenyewe alisema aliichota kwa mama yake, aliyekuwa mwombolezaji wa matangani. Alianguka jukwaani Abidjan, Aprili 24, 2016, akafariki. Katika miaka yote niliyosikiliza bendi za Kinshasa kwenye baa za Dar es Salaam, na nimesikiliza kuliko inavyompasa mwanakwaya, sijamsikia mlevi hata mmoja akiuliza kwa nini mwanamume huyu anaimba kike. Jumapili asubuhi, kanisani, watu walewale wanauliza.

Sina maelezo ya hakika juu ya hilo. Nina dhana tu. Kwaya zetu zilifundishwa muziki wa Ulaya iliyokwisha kumsahau Nourrit, tukapokea na chuki za Paris ya 1837 kama vile ni sehemu ya liturujia. Na sauti ya tatu ikawa mashindano ya nani ana kifua.

Wanaoumia ni vijana. Mvulana wa miaka kumi na minne au kumi na mitano zoloto lake linakua kwa kasi, nyuzi zinarefuka na kunenepa, sauti inashuka karibu oktava nzima, na mwezi huu hajui ya mwezi ujao itakuwaje. Huyo ndiye tunayempanga sauti ya tatu kwa sababu tuna uhaba, kisha tunampigia kelele: "Paza! Toa sauti ya kiume!" Anakaza. Akishapasuka mara mbili mbele ya wasichana wa soprano, Jumapili inayofuata humwoni.

Mwalimu wangu wa kwaya amestaafu sasa. Kabla hajaondoka alinipa zoezi ambalo nalifanya hadi leo nikiwa naoga: kuanzia juu, kwa sauti ya kichwa, laini, kwa "u", na kuiteremsha ile sauti nyepesi chini ya mpaka polepole badala ya kukipandisha kifua juu yake. Ilinichukua karibu mwaka. Ile noti ya Pasaka sasa inatoka, ndogo kuliko ya Pavarotti kwa mbali, lakini inatoka, na haijapasuka tena.

Basi nakuomba, mwalimu wa kwaya unayesoma gazeti hili leo: kijana wako wa sauti ya tatu akipanda kwa falseto mwache apande, umsahihishe pumzi na matamshi, jinsia yake haikuhusu. Na kama kuna mwanamume msomaji aliyeikimbia sauti ya tatu kwa sababu ya kuchekwa, arudi. Kwetu bado tuko wanne. Mazoezi ni Jumamosi, saa kumi jioni.